Cheti cha Tatu cha Useja

Migdalia Quesada alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa mwaka mmoja na miezi minne alikuwa akihangaika kuithibitishia serikali kwamba hana mume. Jambo lenyewe si gumu. Yeyote aliyewahi kumwona akipandisha mtungi wa gesi peke yake hadi ghorofa ya tatu angeweza kulitolea ushahidi. Lakini serikali haiangalii mitungi. Serikali ilitaka cheti, tena kitoke kwao Kuba, kiwe na mihuri mitatu, na kisizidi miezi sita tangu siku kilipoandikwa.

Aliyetaka kumwoa ni Washington Pereyra, dereva wa basi hapa Montevideo, mtaliki, mpole, mwenye masikio makubwa. Walikutana kwenye basi lake. Migdalia alikuwa akienda kazini alfajiri, kwenye tanuri la mikate, na kila siku alipopanda alimwambia, "Habari za asubuhi, mpenzi wangu." Wakuba humwita kila mtu mpenzi, hata anayewakanyaga. Washington hakulijua hilo. Alikaa miezi miwili akidhani anatongozwa, akanunua shati jipya, na alipoelezwa ukweli alikuwa amekwisha kunasa. Migdalia naye akaona shati limempendeza.

Cheti cha kwanza kilitafutwa na dada yake mkubwa, Zoraida, kule Camagüey. Zoraida alipanga foleni ya kukiandikisha, foleni ya muhuri wa kwanza, akasafiri usiku kucha kwenda Havana kwa muhuri wa pili na wa tatu. Kilipofika Montevideo kilikuwa na umri wa miezi saba, kwa hiyo kilikuwa maiti. Cha pili kilifika mapema lakini kina mihuri miwili tu, na hilo liligunduliwa mara ya tatu walipokwenda dirishani, kwa sababu madirisha ya serikali yana tabia ya kukutajia kasoro moja kwa siku, usije ukashiba.

Cha tatu kililetwa Jumanne na muuguzi mmoja wa Camagüey, amekilaza sandukuni kati ya sidiria mbili kisikunjike. Mihuri mitatu, yote inasomeka. Kilikuwa kinakwisha Ijumaa. Jumatano ilikuwa sikukuu. Alhamisi makarani waligoma. Basi ikabaki Ijumaa yenyewe, na Ijumaa hiyo Washington alikuwa zamu mpaka saa nane mchana.

"Wewe tangulia ukashike foleni," alimwambia. "Nikishusha abiria wa mwisho naja mbio. Wanafunga saa tisa."

"Foleni?" Migdalia alicheka. "Mpenzi wangu, mimi nimezaliwa kwenye foleni."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mara zote walizokwenda pamoja, Washington ndiye aliyeshughulika na mambo ya mlangoni, yeye Migdalia akifuata nyuma na mkoba wake, akizungumza na watu.

Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa Julai, baridi ya kung'ata mifupa, na watu thelathini hivi walikuwa wamejipanga ukutani, kimya. Migdalia akasimama katikati ya njia akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nani wa mwisho?"

Watu wakatazamana kana kwamba ameuliza nani kavunja kioo. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, chupa ya maji moto kaibana kwapani, akainua kidole kwa wasiwasi.

"Nadhani ni mimi."

"Na wewe uko nyuma ya nani?"

"Nyuma ya... huyu mama hapa." Alimwonyesha bibi mmoja wa koti la kahawia, aliyekuja na kigari chake cha sokoni.

"Vizuri. Unaitwa nani, mpenzi?"

"Dardo."

"Na wewe, mama?"

"Nélida," bibi alijibu, akijiuliza amekosa nini.

"Mimi Migdalia. Dardo, mimi niko nyuma yako. Usinisahau."

Akaondoka zake. Kwao, foleni haikai miguuni, inakaa mdomoni. Unauliza nani wa mwisho, unamjua aliye mbele yake pia asije akaghairi, unatoa neno lako, kisha unakwenda kufua, kupika, hata kulala kidogo, na ukirudi nafasi yako inakungoja. Mkuba anaweza kukuuzia mayai mabovu na bado asithubutu kukalia nafasi yako. Sisi tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Wakuba wangeisikia methali hiyo wangeona ni ya watu wasio na adabu.

Akaenda zake mkahawani pale pembeni, akanywa kahawa ya maziwa, akala mikate miwili, akamkosoa mhudumu kuhusu mikate hiyo, maana hiyo ni kazi yake, wakawa marafiki. Saa tatu na dakika ishirini akarudi, moyo mkunjufu, cheti kifuani ndani ya bahasha.

Mlango ulikuwa wazi, na ukutani pamebaki patupu. Pale mlangoni kulikuwa na mashine ndogo ya kutoa namba, na juu yake karatasi nyekundu: NAMBA ZA LEO ZIMEKWISHA.

"Namba yako, mama?" aliuliza mlinzi, mwanamume wa masharubu mazito.

"Sina namba, mpenzi. Mimi niko nyuma ya Dardo."

"Nyuma ya nani?"

"Dardo. Yule pale, mwenye kofia. Dardo, mwambie."

Mzee Dardo alinyanyuka benchini, kashika karatasi yake ya namba thelathini na moja kwa mikono miwili. "Ni kweli alisema," alikiri. "Lakini akaondoka. Nikadhani ameghairi."

"Nighairi vipi? Si nilikuaga?"

"Mama," alisema mlinzi, "namba ni arobaini kwa siku, na zimekwisha. Uje Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa sina uthibitisho kwamba mimi ni mseja."

"Unaolewa kesho?"

"Siolewi kesho. Cheti changu kinakufa leo, na kikifa siolewi kabisa."

"Pole sana," alisema mlinzi, na alimaanisha. Watu wa Montevideo wanajua kukupa pole. Watakupa pole mpaka ulie, lakini kiti hawakisogezi.

Migdalia akaketi kwenye benchi la nyuma. Hakuwa na mpango wowote, ila miguu ilikataa kutoka. Alikasirika, na aliyemkasirikia zaidi ni nafsi yake. Miaka miwili na ushei katika mji huu, anajua bei ya unga na jina la kila kituo cha basi, halafu anashindwa na kimashine cha mlangoni. Alimfikiria Zoraida, miaka sitini na mbili, magoti mabovu, akiwa amesimama Havana mara tatu kwa ajili ya harusi ambayo hata hataihudhuria. Atamwambiaje? Alianza kutunga maneno, akashindwa baada ya "Dada yangu".

Dardo akaja kukaa pembeni yake, uso umemshuka kwa aibu. Akamwaga maji moto kwenye kibuyu chake cha chai ya majani ya kienyeji, ile wanayoiita mate, akampa. Migdalia akavuta kwa kile kirija cha chuma. Chungu kama mwarobaini. Washington alikwisha kumfundisha kwamba ukirudisha kibuyu na kusema ahsante, maana yake umetosheka na hupewi tena. Kwa hiyo akarudisha kimya, apate cha pili. Hakukipenda, ila alihitaji mtu wa kukaa naye.

"Ningekushikia nafasi," alisema Dardo. "Sikuelewa tu."

"Ndiyo mambo ya ugenini, mpenzi. Na wewe unatafuta nini hapa?"

"Cheti cha babu. Binti yangu yuko Uhispania, anataka niende nikaishi naye. Nimeambiwa lazima nithibitishe kwamba babu alizaliwa."

"Hutoshi wewe mwenyewe kuwa ushahidi?"

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwinuka.

Asubuhi ikapita hivyo, bibi Nélida naye amesogea benchini na kigari chake. Karani alikuwa mmoja, dirisha moja, na juu yake skrini iliyoita namba kwa mlio wa chura. Ilipofika saa saba mchana ilikuwa imeita ishirini na tisa. Kisha taa zikapepesa, skrini ikazima, ikawaka tena, ikalia, ikaita namba moja.

Namba moja alikuwa amekwenda kwao saa tatu asubuhi. Lakini ile mashine ya mlangoni nayo ilikuwa imeamka upya, na watu waliokuwa wakichungulia tu nje wakaona inatoa namba, wakaingia wakijinyofolea. Mwanamume mmoja, mvua haijamkauka mabegani, akaenda moja kwa moja dirishani na namba moja yake. Ndipo ghasia zilipozuka. Wa thelathini akasema ni zamu yake, wa moja akasema skrini haisemi uongo, wengine wakadai wamekaa tangu alfajiri, na mlinzi wa masharubu akazungukwa akawa anajibu wote kwa pamoja na hasikiki na hata mmoja. Karani, mama wa makamo aliyeitwa Ivonne, akavua miwani, akaiacha ining'inie kwenye mnyororo wake.

"Mimi sihudumii mpaka mjue nani anafuata," alisema. Akateremsha pazia la dirisha, jeupe, lenye maua.

Ukumbi mzima ukamgeukia mlinzi. Mlinzi akamgeukia Mungu.

Migdalia alisimama. Alipokuja kusimulia baadaye alisema hakufikiria chochote kuhusu cheti chake, na mimi namwamini. Mkuba akiona foleni imevurugika huumia, kama fundi seremala akiona mlango umepinda.

"Kimya kidogo, wapenzi wangu. Hizo karatasi tieni mfukoni, zimeshalewa. Kila mtu anijibu swali moja tu. Asubuhi ulipofika, ulimkuta nani mbele yako?"

Bibi Nélida akainua mkono kama mtoto wa shule. "Mimi nilimkuta bwana wa koti la bluu. Ameshahudumiwa, ameondoka."

"Basi wewe ndiye wa kwanza. Nani alimkuta mama Nélida?"

"Mimi," alisema Dardo.

"Nani alimkuta Dardo?"

Hapo hakuna aliyejibu. Migdalia naye hakusema neno. Angeweza kusema, lakini kwenye foleni mtu hajitaji mwenyewe, hutajwa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyepewa namba thelathini na mbili, akajikuna shingo, akatazama chini, akatazama juu.

"Kusema kweli," alisema, "mimi nilipofika nilikukuta wewe, mama. Ulikuwa unaongea na huyu mzee. Halafu ukaenda zako."

"Kwa hiyo wewe uko nyuma ya nani?"

"Nyuma yako."

Watu wakamgeukia Migdalia. Mtu wa namba moja, yule wa mvua, akafungua mdomo kutaka kupinga, lakini Nélida alimtazama tu, naye akakumbuka kwamba mwisho wa foleni uko kule nyuma. Ikaendelea hivyo, huyu alimkuta yule, yule alimkuta huyu, na katika robo saa ukumbi mzima ulikuwa unajua mpangilio wake bila karatasi. Kilichomfurahisha Migdalia zaidi ni pale mama wa mtoto aliposema, kwa kujaribu, "Basi mimi natoka kidogo nikambadilishe mtoto. Niko nyuma ya Migdalia." Akatoka kweli. Mwingine akaenda kununua mkate. Mlinzi akapata nafasi ya kunywa maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Pazia la maua likapanda. "Nani?" aliuliza Ivonne.

"Nélida," ukumbi ukajibu kwa pamoja.

Washington aliingia saa nane na dakika ishirini, jasho linamtoka katikati ya baridi, bado kavaa sare ya udereva. Alimkuta mchumba wake akiulizwa maswali na watu watatu.

"Wamekuajiri?" aliuliza.

"Kaa hapa. Dardo akitoka, ni sisi."

"Dardo ndiye nani?"

"Kaa, Washington."

Dardo alitoka dirishani akiwa na cheti cha babu yake, akakipiga busu. Wakaketi wao mbele ya Ivonne. Ivonne alivaa miwani, akakishika cheti cha useja, akakiangalia mbele, nyuma, akakiinua kwenye taa. Akahesabu mihuri kwa ncha ya kalamu. Migdalia alihesabu naye kimoyomoyo na kwa woga akapata minne, akaanza upya.

"Hiki kinakwisha leo," alisema Ivonne.

"Leo," alikubali Migdalia. "Lakini bado kinapumua."

"Vitambulisho. Cheti cha kuzaliwa. Talaka ya bwana." Kimoja kimoja vikapita mikononi mwake. Washington alikuwa amevipanga kwenye jalada kama mashahidi wa kesi ya mauaji. Kisha Ivonne akanyoosha mkono mtupu. "Mashahidi?"

"Mashahidi gani?" waliuliza wote wawili.

"Wawili, wanaomjua bibi harusi, wasiwe ndugu wa bwana."

"Hatujawahi kuambiwa," alisema Washington, na sauti yake, ambayo hata kwenye msongamano wa magari haikupanda, ikapanda. "Tumekuja hapa mara sita. Mara sita, mama."

"Imeandikwa ubaoni."

Wakageuka kutafuta ubao. Ulikuwa nyuma ya mlango, na mlango ukiwa wazi hufunikwa. Mlango ulikuwa wazi saa zote za kazi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Migdalia akapiga hesabu ya watu wanaomjua katika mji huu. Wenzake wawili wa kwenye tanuri, na tanuri liko ng'ambo ya mji. Mwenye nyumba, aliyeko safarini. Basi. Kwao Camagüey asingeweza kwenda kununua chumvi bila kusalimiwa na watu ishirini, na hapa, ili aolewe, alihitaji wawili tu na hakuwa nao. Hiyo ndiyo iliyomuuma. Machozi yakamlenga, akayameza, maana hakutaka Ivonne ayaone.

"Mimi ninamjua," sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa Dardo. Shughuli yake ilikwisha lakini hakuondoka, alitaka aone mambo yanaishaje. Watu wa hapa ni wapole, ila umbea hawaachi.

"Unamjua huyu mama?" aliuliza Ivonne.

"Namjua. Anaitwa Migdalia. Yuko nyuma yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

Washington akajifunika uso kwa kofia. Ivonne akatazama fomu, akaigeuza, akaitazama tena taratibu, mstari kwa mstari. Yeye ndiye aliyeteremsha pazia saa saba, na alikuwa amesikia kila kitu akiwa nyuma yake.

"Fomu haiulizi tangu lini," alisema. "Kitambulisho, bwana. Na wa pili?"

Bibi Nélida, ambaye naye hakuwa ameondoka, alikwisha kusogea na kigari chake. "Niandike mimi."

"Uhusiano na bibi harusi?"

"Jirani."

"Mnaishi mtaa mmoja?"

"Tumekaa benchi moja kutwa nzima. Majirani zangu wa kweli hawajawahi kunipa hata nusu saa."

Ivonne akaandika jirani. "Mnaapa kwamba kwa mnavyojua, hana mume?"

"Mwanamke mwenye mume," alisema Nélida, "hawezi kupigania cheti namna hii."

Wakatia saini. Migdalia sasa alikuwa analia waziwazi na hakujali nani anaona. Ivonne akagonga muhuri, mara moja, mara mbili, akakitumbukiza cheti cha Camagüey ndani ya jalada na kulifunga. Saa nane na dakika hamsini na mbili.

"Haya. Rudini tarehe kumi na saba mwezi ujao, saa tano asubuhi."

"Turudi tena?" Washington aliruka kitini. "Kimepungua nini sasa?"

"Hakijapungua kitu, bwana. Mnarudi kuoana."

Ukumbi ukapiga makofi, ila mtu wa mvua, ambaye bado alikuwa na watu tisa mbele yake. Migdalia akamkumbatia Dardo, akamkumbatia Nélida, akataka kumkumbatia na Ivonne lakini kioo kikazuia. Akawaambia wote waje tarehe kumi na saba, mikate ni juu yake.

Nje alimpigia Zoraida. Simu ililia muda mrefu. Camagüey umeme ulikuwa umekatika, na Zoraida alikuwa barazani akijipepea.

"Sema tu," alianza Zoraida, hata bila salamu. "Safari hii wamekataa nini? Viatu nimeshavitoa. Jumatatu nitakuwa Havana."

"Usiende, dada. Wamekipokea."

Viatu vikasikika vikianguka sakafuni.

"Na mihuri?"

"Yote mitatu."

Halafu akamsikia dada yake akilia, kilio cha chini, cha mtu aliyechoka kwa muda mrefu na sasa ameruhusiwa kukaa. Migdalia naye akaanza upya. Walilia hivyo kwa dakika mbili, wote wakiwa na furaha, Washington akiwa kasimama pembeni hajui aweke wapi mikono.

"Mdogo wangu," alisema Zoraida mwishowe, akipenga kamasi. "Nipe huyo mwanamume."

Washington akaipokea simu.

"Shemeji, nisikilize vizuri. Mpende. Mkigombana, nenda ukalale kwenye basi lako, asubuhi urudi umuombe radhi. Lakini kumwacha, usijaribu kumwacha, kwa sababu mimi cheti cha nne sikitafuti."

"Sawa, shemeji," alisema Washington, na akavua kofia kabisa, pale barabarani, kwenye manyunyu.